Shahada ya pamoja ya sheria na sanaa (masomo ya Ulaya)

Shahada ya pamoja ya sheria na sanaa yenye mkazo wa masomo ya Ulaya ni mpango wa chuo kikuu ambamo mwanafunzi husomea kwa wakati mmoja shahada ya kwanza ya sheria na shahada ya kwanza ya sanaa, na katika ile ya sanaa somo lake kuu huwa Ulaya: historia yake, siasa zake, lugha zake na taasisi zake. Akimaliza hupewa shahada mbili. Mipango ya aina hii imeenea hasa nchini Australia, ambako kwa kawaida huchukua miaka mitano ya masomo ya muda wote. Uingereza na bara la Ulaya zina mipango inayofanana nayo, ingawa muundo na jina la shahada hutofautiana.

Shahada hizo mbili hazina nguvu sawa katika ajira. Ile ya sheria ni hatua ya kuelekea uwakili. Ile ya sanaa haimpi mhitimu leseni ya kazi yoyote. Hata hivyo masomo hayo mawili hukamilishana, kwa sababu muungano wa nchi za Ulaya umejengwa kwa mikataba na hukumu za mahakama, na mikataba hiyo haieleweki vizuri bila historia iliyoizaa.

== Jina ==

Neno "sanaa" katika jina la shahada halimaanishi uchoraji, muziki au maigizo pekee. Katika vyuo vikuu vinavyofuata desturi ya Kiingereza, vikiwemo vya Afrika Mashariki, shahada ya sanaa ni ile inayotolewa katika masomo kama historia, falsafa, lugha, fasihi, siasa na sosholojia. "Masomo ya Ulaya" ni fani inayochukua mbinu za masomo hayo yote na kuzielekeza kwenye eneo moja la dunia.

Shahada ya pamoja hutofautiana na shahada ya sheria ya kawaida iliyoongezewa kozi chache za kuchagua. Hutofautiana pia na shahada moja ya "sheria ya Ulaya", ambayo hufundisha sheria peke yake.

== Historia ==

=== Masomo ya Ulaya ===

Fani ya masomo ya Ulaya ilikua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati serikali na wasomi walipotafuta namna ya kuzuia vita vingine kati ya Ufaransa na Ujerumani. Chuo cha Ulaya kilianzishwa mjini Bruges, Ubelgiji, mwaka 1949, na Taasisi ya Ulaya ya Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, mwaka 1951. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Sussex kilichofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa na kitivo cha masomo ya Ulaya tangu mwanzo wake. Mkataba wa kuunda Taasisi ya Chuo Kikuu cha Ulaya mjini Firenze, Italia, ulitiwa saini mwaka 1972, na taasisi hiyo ikapokea watafiti wake wa kwanza mwaka 1976.

Ukuaji huo ulikwenda sambamba na ule wa taasisi zenyewe. Tarehe 9 Mei 1950 waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Robert Schuman, alipendekeza makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani visimamiwe na chombo kimoja. Mwaka 1951 nchi sita, yaani Ubelgiji, Italia, Luxemburg, Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani Magharibi, zilitia saini mkataba wa kuunda Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma. Nchi hizohizo zilitia saini Mkataba wa Roma tarehe 25 Machi 1957 na kuunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 ulianzisha Umoja wa Ulaya, na Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009, ndio ulioupa umoja huo sura yake ya sasa. Mwaka 1989 jumuiya ilianzisha mpango wa Jean Monnet, unaosaidia kifedha ufundishaji wa muungano wa Ulaya katika vyuo vikuu, na baadaye mpango huo ukaenea hadi nje ya Ulaya.

=== Shahada za pamoja nchini Australia ===

Sheria ilianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Melbourne mwaka 1857. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba wakili anahitaji elimu pana kuliko sheria peke yake, na desturi ya kuunganisha sheria na shahada nyingine ikawa ya kawaida katika vyuo vingi vya nchi hiyo. Wengine huiunganisha na biashara, uhandisi au sayansi. Sanaa ni kati ya machaguo ya zamani zaidi.

Ulaya iliingia katika mchanganyiko huo kwa sababu kadhaa. Baada ya mwaka 1945 Australia ilipokea wahamiaji wengi kutoka Italia, Ugiriki na nchi nyingine za Ulaya, na watoto wao walifika vyuoni wakiwa na lugha za nyumbani walizotaka kuziendeleza. Kisha Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973, na wakulima wa Australia wakapoteza nafasi waliyozoea katika soko la Uingereza. Sheria zilizotungwa Brussels zikawa jambo linalogusa bei ya siagi ya Australia.

== Muundo wa masomo ==

=== Upande wa sheria ===

Nchini Australia shahada ya sheria inayotambuliwa kwa ajili ya uwakili lazima iwe na maeneo 11 ya lazima. Orodha yake iliwekwa mwaka 1992 na kamati iliyoongozwa na jaji L. J. Priestley, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Maeneo hayo ni:

* sheria ya jinai na mwenendo wake
* sheria ya madhara
* sheria ya mikataba
* sheria ya mali
* sheria ya usawa, pamoja na amana
* sheria ya makampuni
* sheria ya utawala
* sheria ya katiba ya shirikisho na ya majimbo
* mwenendo wa mashauri ya madai
* sheria ya ushahidi
* maadili na wajibu wa wanasheria

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya, sheria linganishi, sheria ya kimataifa na haki za binadamu hupatikana kama kozi za kuchagua, kwa kawaida katika miaka ya mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi asiyepanga mapema anaweza kumaliza akiwa na sheria ya Australia upande mmoja na historia ya Ulaya upande mwingine, bila kozi hata moja inayoziunganisha.

=== Upande wa sanaa ===

Somo kuu la masomo ya Ulaya kwa kawaida huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni historia, hasa tangu Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789: kukua kwa mataifa, ukoloni, vita viwili vikuu, mauaji ya Wayahudi, Vita Baridi na kuanguka kwa ukuta wa Berlin mwaka 1989. Ya pili ni siasa na taasisi: Tume ya Ulaya, Bunge la Ulaya, mabaraza ya mawaziri na ya viongozi, sarafu ya euro na upanuzi wa umoja. Ya tatu ni utamaduni: fasihi, falsafa, dini na filamu. Mara nyingi lugha moja ya Ulaya huongezwa, kwa lazima au kwa hiari.

=== Muda ===

Shahada ya sanaa ya Australia huchukua miaka mitatu, na ya sheria pekee huchukua minne. Kuzisoma moja baada ya nyingine kungechukua miaka sita au saba. Mpango wa pamoja hufupisha muda hadi mitano kwa sababu kozi za sheria hujaza nafasi za kuchagua katika shahada ya sanaa, na za sanaa hujaza zile za sheria. Nafuu hiyo ina gharama yake: nafasi za kuchagua kwa uhuru hupungua, na kozi ikiangushwa katika mwaka wa pili huweza kuvuruga ratiba ya miaka inayofuata.

Si vyuo vyote vya Australia vilivyobaki na mpango huu. Chuo Kikuu cha Melbourne kiliacha shahada ya kwanza ya sheria mwaka 2008. Tangu hapo sheria ya kitaaluma husomwa huko baada ya shahada ya kwanza nyingine.

=== Ada ===

Wanafunzi raia wa Australia wenye nafasi zinazosaidiwa na serikali hulipa sehemu ya gharama, na wanaweza kukopa fedha hizo na kuzirudisha kupitia kodi kipato chao kinapofikia kiwango fulani. Mabadiliko yaliyoanza mwaka 2021 yaliweka sheria, historia na siasa katika kundi la ada ya juu kabisa, dola 14,500 za Australia kwa mwaka wa masomo, wakati lugha za kigeni ziliwekwa katika kundi la chini, dola 3,950. Viwango hivyo hupandishwa kila mwaka kulingana na bei. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi yuleyule hulipa fedha kidogo zaidi kwa kozi ya Kifaransa kuliko kwa kozi ya historia ya Ufaransa. Wanafunzi kutoka nje hulipa ada kamili.

== Mipango inayofanana ==

Katika Uingereza kuna shahada za sheria za miaka minne ambazo mwaka mmoja husomwa katika chuo cha bara la Ulaya. Chuo Kikuu cha Oxford kina mpango wa aina hiyo, ambao mwanafunzi huutumia mwaka wa tatu katika chuo mshirika, kwa mfano nchini Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania au Uholanzi. Hata hivyo shahada inayotolewa Oxford kwa masomo hayo ya sheria huitwa shahada ya sanaa, kwa desturi ya zamani ya chuo hicho. Jina la cheti, kwa hiyo, si kipimo cha yaliyosomwa.

Katika bara lenyewe, Chuo Kikuu cha Cologne na Chuo Kikuu cha Paris 1 vimekuwa na mpango wa pamoja wa sheria ya Ujerumani na Ufaransa tangu mwaka 1990. Mwanafunzi hupitia mifumo yote miwili na kupata sifa za pande zote. Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kinafundisha sheria ya Ulaya na masomo ya Ulaya kama shahada mbili tofauti katika vitivo viwili tofauti.

== Jinsi masomo mawili yanavyokutana ==

Hukumu za Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxemburg, huonyesha kwa nini sheria na historia hufundishwa pamoja. Nyingi zilitokana na mambo madogo ya maisha ya kila siku.

Katika shauri la Van Gend en Loos, lililoamuliwa tarehe 5 Februari 1963, kampuni ya usafirishaji ya Uholanzi ilipinga ushuru wa forodha uliopandishwa kutoka asilimia 3 hadi 8 kwa kemikali iliyotoka Ujerumani Magharibi. Swali lilikuwa kama kampuni binafsi inaweza kuutegemea mkataba uliotiwa saini na mataifa. Mahakama ilijibu kwamba mkataba ulitoa haki kwa watu wenyewe, na mahakama za nchi zinapaswa kuzilinda.

Wakili wa Milano aitwaye Flaminio Costa alikataa kulipa bili ndogo ya umeme. Italia ilikuwa imetaifisha kampuni za umeme mwaka 1962, na Costa, aliyekuwa na hisa katika mojawapo, alidai utaifishaji huo ulivunja Mkataba wa Roma. Hoja zake juu ya utaifishaji hazikumfikisha mbali, lakini hukumu ya tarehe 15 Julai 1964 ilisema jambo kubwa kuliko bili: sheria ya jumuiya huishinda sheria ya nchi pale zinapopingana. Mikataba yenyewe haikuwa na kifungu kilichosema hivyo waziwazi. Mwanafunzi wa sheria hujifunza kanuni hiyo. Mwanafunzi wa historia hujifunza kwa nini utaifishaji ulikuwa suala kali katika siasa za Italia wakati huo, na kwa nini nchi sita zilizotoka vitani zilikubali mahakama ya pamoja izifunge mikono.

Kukubali huko hakukuwa kamili. Mwaka 1974 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi ilisema kwamba itaendelea kuipima sheria ya jumuiya kwa haki za msingi za katiba ya Ujerumani maadamu jumuiya haina ulinzi wa haki unaolingana nao. Mwaka 1986 ilipunguza ukali huo, kwa maelezo kwamba ulinzi huo sasa upo. Msimamo wa mwaka 1974 ni vigumu kuuelewa bila kujua kwamba katiba hiyo iliandikwa mwaka 1949, miaka minne baada ya utawala wa Wanazi kuanguka.

Hukumu nyingine inayosomwa karibu kila mahali ni ile ya Cassis de Dijon ya tarehe 20 Februari 1979. Ujerumani Magharibi ilizuia kinywaji cha Kifaransa cha matunda kwa sababu kilikuwa na kilevi cha asilimia 15 hadi 20, pungufu ya asilimia 25 iliyotakiwa na sheria yake. Mahakama iliamua kwamba bidhaa iliyotengenezwa na kuuzwa kihalali katika nchi moja mwanachama haiwezi kuzuiwa katika nyingine bila sababu ya msingi. Soko la pamoja la leo limejengwa kwa sehemu kubwa juu ya wazo hilo.

== Taasisi zinazochanganywa ==

Wanaoanza masomo haya mara nyingi huchanganya taasisi mbili. Umoja wa Ulaya una nchi wanachama 27 na mahakama yake iko Luxemburg. Baraza la Ulaya ni shirika jingine, lililoundwa mwaka 1949, lenye nchi wanachama 46 tangu Urusi ilipoondolewa mwaka 2022. Chini ya baraza hilo iko Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg, Ufaransa, inayosimamia mkataba wa haki za binadamu uliotiwa saini Roma tarehe 4 Novemba 1950. Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, lakini haikutoka katika Baraza la Ulaya wala katika mkataba huo.

== Lugha ==

Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24, na matini ya sheria katika kila lugha ina nguvu sawa. Lugha ya kazi ya ndani katika mahakama ya Luxemburg ni Kifaransa.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika shauri la Stauder la mwaka 1969. Jumuiya ilikuwa na siagi nyingi kupita mahitaji, ikaruhusu iuzwe kwa bei nafuu kwa watu wanaopokea misaada ya serikali. Kwa matini ya Kijerumani, mnunuzi alitakiwa kuonyesha kuponi yenye jina lake. Mkazi wa mji wa Ulm, Ujerumani Magharibi, aliona kwamba kutaja jina lake dukani kunamvunjia heshima. Matini ya Kifaransa na Kiitaliano yalidai tu kuponi inayomhusu mtu mmoja, bila kutaja jina. Mahakama ilichagua tafsiri nyepesi zaidi, na katika hukumu hiyohiyo ilitaja kwa mara ya kwanza kwamba haki za msingi za binadamu ni sehemu ya misingi ya sheria ya jumuiya. Asiyejua zaidi ya lugha moja asingeiona hata hoja yenyewe.

Mwaka 1982, katika shauri la CILFIT, mahakama ilizitaka mahakama za nchi zikumbuke kuwa sheria ya jumuiya imeandikwa katika lugha nyingi na kwamba kuitafsiri hudai kulinganisha matini hayo. Kwa sababu hizo vyuo vingi huhimiza mwanafunzi aanze lugha mwaka wa kwanza. Kiwango cha kusoma hukumu au kuhudhuria mihadhara hakifikiwi kwa muhula mmoja au miwili.

== Kusoma ng'ambo ==

Mwaka mmoja au muhula mmoja barani Ulaya ni sehemu ya mipango mingi. Kwa vyuo vya Ulaya njia kuu ni mpango wa Erasmus, ulioanza mwaka 1987 ukiwa na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Azimio la Bologna la mwaka 1999, lililotiwa saini na nchi 29, lilirahisisha kulinganisha shahada. Vyuo vingi sasa hutumia alama za masomo zinazohesabiwa 60 kwa mwaka, hivyo chuo cha nyumbani huweza kukubali yaliyosomwa kwingine. Baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, vyuo vyake vilitoka pia katika Erasmus, na serikali ikaanzisha mpango wake uitwao Turing mwaka 2021.

Vyuo vya Australia hutumia mikataba ya kubadilishana wanafunzi. Chuo Kikuu cha Monash kina kituo chake mjini Prato, Italia, kilichofunguliwa mwaka 2001, ambako kozi za sheria hufundishwa kwa vipindi vifupi.

== Uwakili na kazi ==

Shahada ya pamoja haimfanyi mhitimu kuwa wakili wa Ulaya. Nchini Australia mhitimu hupaswa kumaliza mafunzo ya vitendo ya sheria kabla ya kukubaliwa na mahakama kuu ya jimbo. Ujerumani hudai mitihani miwili ya serikali, na shahada ya sheria ya Ulaya peke yake haitoshi. England na Wales zilianzisha mwaka 2021 mtihani mpya wa mawakili wa ushauri, unaoweza kufanywa hata na mwenye shahada isiyo ya sheria. Maagizo ya Umoja wa Ulaya, hasa lile la mwaka 1998, huwaruhusu mawakili kufanya kazi katika nchi mwanachama nyingine, lakini huwahusu raia wa nchi wanachama waliopata sifa zao ndani ya umoja. Mwaustralia au Mtanzania aliyesoma sheria ya Ulaya hapati haki hiyo kwa kuisoma tu.

Wahitimu hufanya kazi katika ofisi za mawakili, wizara za mambo ya nje, biashara ya kimataifa, mashirika ya haki za binadamu, uandishi wa habari na utafiti. Wengi huendelea na shahada ya uzamili. Mpango wa Erasmus Mundus, ulioanza mwaka 2004, hutoa ufadhili wa masomo ya uzamili kwa wanafunzi wa nchi zote, zikiwemo za Afrika.

== Uhusiano na Afrika Mashariki ==

Masomo haya yana faida ya kulinganisha kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imejengwa kwa mkataba na ina mahakama yake. Mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Kama ilivyo Ulaya, ulifuatiwa na umoja wa forodha (2005) na soko la pamoja (2010). Mkataba unasema wazi kwamba sheria ya jumuiya hutangulia sheria za nchi katika mambo ya utekelezaji wake, jambo ambalo Ulaya ililipata kwa hukumu ya Costa. Pia unamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kufungua shauri mwenyewe katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki.

Mahakama hiyo ilipimwa mapema. Katika shauri la Anyang' Nyong'o na wenzake, mwaka 2006, ilizuia kwa muda kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki. Muda mfupi baadaye nchi wanachama ziliubadilisha mkataba, zikaigawa mahakama katika vitengo viwili na kuweka ukomo wa miezi miwili wa kufungua mashauri. Ulinganisho na Ulaya huonyesha kwamba mahakama ya jumuiya huhitaji utii wa serikali ambazo huenda imezihukumu.

Kuna mfanano mwingine. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo wa Kiingereza unaotegemea hukumu za awali. Tanzania Bara huutambua kama ulivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilirithi kutoka Ubelgiji mfumo wa bara la Ulaya, unaotegemea sheria zilizokusanywa katika vitabu vya kanuni, ingawa Rwanda imechukua mengi ya mfumo wa Kiingereza katika miaka ya karibuni. Mwanasheria anayeijua mifumo yote miwili, na lugha za Kiingereza na Kifaransa, hupata kazi ya kufanya ndani ya jumuiya hiyo.

Anayesoma nje na kutaka kuwa wakili nyumbani hukutana na masharti ya nyumbani. Nchini Tanzania shahada ya nje hutambuliwa kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu, kisha mhitimu hupitia Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kenya ina Shule ya Sheria ya Kenya kwa kazi hiyo. Kozi za sheria ya Ulaya hazichukui nafasi ya masomo ya lazima. Mwenye shahada ya pamoja hupimwa kwa yale ya upande wa sheria.

== Ukosoaji ==

Wakosoaji husema miaka mitano ni mingi kwa mtu ambaye bado atahitaji mafunzo ya vitendo, na kwamba waajiri wengi wa mawakili huangalia alama za sheria kuliko somo kuu la sanaa. Wengine hulaumu masomo ya Ulaya kwa kuitazama Ulaya kutoka ndani tu na kuuacha ukoloni pembeni, ilhali mwaka 1957, Mkataba wa Roma ulipotiwa saini, baadhi ya nchi zilizoutia saini zilikuwa bado na makoloni Afrika. Kozi nyingi za sasa hulijumuisha suala hilo.

Wanaoutetea mpango huu hujibu kwamba sheria hubadilika kuliko mwanasheria anavyotarajia. Waliohitimu Uingereza kabla ya kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016 walijifunza sheria ya Umoja wa Ulaya kama sheria ya nchi yao, na miaka michache baadaye haikuwa hivyo tena. Aliyesoma vifungu pekee alilazimika kuanza upya sehemu kubwa ya somo hilo. Aliyesoma pia historia ya uhusiano wa Uingereza na bara alikuwa na namna ya kuyaelewa mabadiliko hayo.